Mjumbe wa Unyayoni

Nyumba za Walimu, Namba 9,
Nyuma ya Maktaba ya Chuo Kikuu.
Jumapili, 14 Juni.

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji, na watoto wawili waliobaki mikononi mwenu. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itawakuta wenye afya, na kwamba lile goti lako la kushoto, lililokusumbua majira yote ya baridi, sasa limelegeza masharti na linakuruhusu kuzunguka wadi yako bila kushika kuta. Shemeji naye anaendeleaje na mgongo? Mwambie kwamba mgongo wa mtu anayehamisha samani za watu hautibiwi kwa ukaidi, na kwamba anayesema hivyo anampenda.

Naijua desturi ya nyumba yako: barua haisomwi kimya. Hii utaisoma mezani kwa sauti, shemeji akiwa amezima televisheni, na watoto wakiulizana neno hili na lile maana yake nini. Kwa hiyo nimeiandika kama mtu aliyepewa nafasi ya kusema mbele ya watu wa heshima, nami nitajitahidi nisiwachoshe.

Sisi huku hatujambo. Mama ametolewa mtoto wa jicho, na operesheni imefaulu kupita kiasi. Zamani alikuwa akitusifu kwa usafi. Sasa anaona vumbi juu ya kabati na mikunjo katika shati langu, na amemweleza wifi yako, kwa upole wa kutisha, kwamba sufuria zetu ni nyeusi kuliko alivyodhani. Wifi yako amemjibu kwamba afadhali daktari angemtibu jicho moja tu. Wamecheka wote wawili, nami nikamshukuru Mungu kwa nyumba ambayo watu hutaniana badala ya kununiana.

Wifi yako mwenyewe ni mzima, ila shule mbili zimempa kazi ya kushona sare kwa wakati mmoja, basi sebule yetu imekuwa ya bluu na kijani, na mtu haketi kabla ya kupapasa kiti asije akachomwa na pini. Binti yetu mdogo, yule tunayemwita Kasuku, ameng'oka meno mawili ya mbele na bado hajapunguza maneno.

Sasa niingie katika lile uliloniuliza. Katika barua yako ya mwisho, baada ya habari zote, uliandika sentensi moja peke yake, mbali na nyingine: je, nimtumie mwanangu tiketi arudi? Ulieleza kwamba alikupigia simu akasema anataka kurudi nyumbani, na kwamba neno hilo lilikunyima usingizi, kwa kuwa wewe uliamini kwamba ulipomleta asome kwetu, hapa ndipo nyumbani ulipomrudisha. Sikukujibu kwa simu, kwa sababu simu hudai jibu kabla mtu hajafikiri. Nimengoja hadi niwe na la kusema, na leo ninalo. Niruhusu tu nianze mbali kidogo, maana kilichomkera kilianzia darasani kwangu.

Utakumbuka nilikwambia kwamba chuo chetu kimeamua kila idara ifundishe uraia wa dunia. Baraza la chuo halikutaka somo la pembeni ambalo wanafunzi huenda kusinzia. Lilitaka fundisho hilo liingizwe ndani ya kila kozi: daktari alisome katika udaktari wake, mhasibu katika uhasibu wake, nasi wa uhandisi wa maji tulisome ndani ya mabomba yetu. Mwenzangu anayefundisha takwimu alisema katika kikao kwamba tumepewa dunia nzima tuifundishe, ilhali hata projekta ya chumba cha pili haiwaki. Tulicheka, lakini agizo lilibaki agizo.

Mwaka jana nilitii kwa njia rahisi. Nilitoa mihadhara. Wanafunzi waliniandikia insha nzuri mno: binadamu wote ni ndugu, mipaka ni mistari ya wino, maji ni uhai. Niliwapa alama nzuri, nikatoka nje, nikawakuta watunzi wa insha hizo wakisukumana mlangoni kugombea viti vya mbele vya darasa linalofuata. Nikajiuliza nimefundisha nini.

Mwaka huu nikabuni kitu kingine. Niliwachorea mto ambao haupo popote duniani, unaopita katika nchi tatu na kuinywesha miji mitano. Wanafunzi wenyewe ndio walioibatiza miji hiyo kwa kuufananisha mto na mwili wa mtu aliyelala: Kichwani, Begani, Kiunoni, Gotini, na kule mwisho kabisa kabla ya bahari, Unyayoni. Mto una mafungu mia moja ya maji kwa mwaka, hayaongezeki kwa maombi wala kwa hasira. Kila kundi la wanafunzi ni wajumbe wa mji mmoja. Kabla ya kuketi barazani, ni lazima waujue mji wao: nani anakunywa, nani analima, hospitali ina vitanda vingapi, kiwanda cha ngozi kinamwaga nini na wapi. Kisha wanakutana kugawana. Sheria yangu ni moja: mwalimu haongei. Nakaa nyuma, karibu na mabomba ya kufanyia majaribio, nasikiliza matone.

Ukumbi wenyewe ni maabara ya zamani. Meza zake ni ndefu, zina madoa ya dawa ambayo hakuna aliye hai anayejua yalitoka wapi, na viti vina miguu mitatu iliyo sawa na mmoja wenye maoni yake. Mwenyekiti wa baraza ni msichana mmoja mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Wenzake wanamwita Spika. Mjumbe mkuu wa Kichwani ni kijana mtanashati ambaye huvaa koti hata jua likiwa la saa sita, nao wamempa jina la Mheshimiwa.

Na mwanao? Dada, mwanao alipewa jina wiki ya kwanza. Alifika chuoni na begi kubwa mgongoni, chupa ya maji ubavuni, kofia ya jua kichwani. Akamshukuru mlinzi kwa kufungua lango, akamshukuru mpishi kwa kumpakulia chakula, akamwuliza mtu njia ya kwenda maktaba akiwa amesimama mbele ya mlango wa maktaba. Kufikia Ijumaa alikuwa Mtalii. Kisha kulikuwa na jambo la lugha yake. Kiswahili chake ni kizuri, wala hakuna aliyekitilia shaka. Ila ni kile ulichoondoka nacho wewe, ukakihifadhi jikoni kwako miaka yote kama nguo ya sherehe. Anasema kama watu wa rika la Mama. Siku aliposimama darasani akaomba radhi "kwa kuwatieni adha," msichana mmoja aliangusha kalamu kwa kucheka, akasema huyu kijana anaongea kama bibi yangu aliyeko shambani.

Haukuwa uonevu, nataka uelewe hivyo. Ulikuwa utani wa watu wanaotafuta mahali pa kumweka mgeni. Lakini utani usiojibiwa hugeuka ukuta, naye alikuwa hajui kujibu. Alitabasamu, akashukuru.

Bahati ya kura ikampeleka kundi la Unyayoni. Wenzake watatu wakamchagua awe msemaji, nadhani kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Aliichukua kwa uzito ulionishangaza. Wifi yako atakushuhudia: alikula huku akiwaza kisima cha Unyayoni kilichoingia chumvi. Mama alimwuliza huo mji uko mkoa gani.

Basi likaja baraza la kwanza. Nilitegemea mabishano, nikapata karamu. Wanafunzi wangu walikuwa wamesikia maneno "uraia wa dunia" wakaelewa kwamba mwema ni yule anayetoa. Mheshimiwa alisimama, akafunga kifungo cha koti, akatangaza kwamba Kichwani, kwa kutambua udugu wa watu wote, inawapa Begani mafungu kumi. Makofi. Begani, wasije wakaonekana wachoyo, wakawapa Kiunoni kumi na mbili. Makofi. Kiunoni wakawakumbuka Gotini. Mheshimiwa, aliponogewa, akasimama tena akawapa Gotini mafungu mengine, na Unyayoni mengine. Kila mmoja alitoa kwa moyo wake, na hakuna aliyechungulia pipa limebaki na kiasi gani. Yalikuwa makosa ya watu waliolelewa vizuri: nyumbani kwetu sote tumefundishwa kwamba mwenye adabu hahesabu anachompa mgeni, nao wakaupeleka ustaarabu huo mezani ambako kazi yote ni kuhesabu.

Hapo ndipo mwanao aliposimama. Alianza, kama kawaida yake, kwa kuomba radhi. Kisha akasema Unyayoni wamepokea ahadi kutoka miji minne na wanashukuru, ila angependa kuelezwa kila fungu linatoka kwa nani, na huyo mtu atakunywa nini.

Sauti ikatoka meza ya Kiunoni.

"Mtalii, watu wanakupa, nawe unauliza wametoa wapi?"

Wakacheka. Mheshimiwa akaongeza, bila ubaya mwingi, kwamba huenda huko kwao watu hawafundishwi kupokea. Nilimwona mpwa wangu akishika ukingo wa meza.

"Leo kwetu ni Unyayoni," alisema. "Na Unyayoni hatujanywa."

Kama mambo ya kweli yangekwenda kama hadithi, wangempigia makofi. Hawakumpigia. Mheshimiwa alisema kwamba kama ukarimu wa Kichwani unatiliwa shaka, basi Kichwani inayarudisha mafungu yake nyumbani. Begani nao wakarudisha. Baraza likavunjika watu wakiokota mabegi yao, na hata wenzake wa kundi wakamlaumu kwamba amewakosesha maji kwa mdomo. Mlangoni, kwa kuchanganyikiwa, aliniita Mjomba badala ya Mwalimu, mbele ya watu. Hilo nalo wakalicheka. Jioni ile ndiyo aliyokupigia simu.

Sasa unajua, dada, alichokuwa amebeba moyoni alipokwambia maneno yale machache.

Utaniuliza nilifanya nini mimi. Darasani sikufanya kitu, maana ningemtetea ningemwua: angekuwa mpwa wa mwalimu hadi siku ya mahafali. Nyumbani nilimwambia ukweli huo, akaupokea. Wifi yako alichukua njia yake. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye hakuwa na jembe, akampa mkasi na rundo la kola za kijani azikate. Mama, kwa upande wake, alimwunga mkono Mheshimiwa bila kuficha. Kwa maoni yake, mtu akikupa, unapokea, unashukuru, halafu kesho unaenda kumwomba tena. Mwanao alimjibu kwamba huo ni mpango mzuri sana endapo mtoaji anacho. Walibishana hadi kola zikaisha, na nilimsikia akipandisha sauti kidogo kwa bibi yake, jambo ambalo hajalifanya tangu aje. Sikumkemea.

Siku chache baadaye Spika alinijia ofisini. Nilidhani ameleta mashtaka; alikuja na uso wa mtu aliyekuta bomba limepasuka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alikuwa ameketi akajumlisha ahadi zote za baraza la kwanza. Mafungu yalikuwa mia moja thelathini na nne.

"Mwalimu, tumeugawa mto, tukagawa na mwingine ambao haupo," alisema.

Akaomba niwaambie wajumbe walipokosea. Nilimwambia baraza si langu. Alinitazama kama watoto wanavyomtazama mzazi anayewaachia kufua soksi zao wenyewe, akaondoka bila kuaga vizuri. Lakini kupitia dirishani nilimwona akishuka ngazi, akavuka uwanja, akaenda moja kwa moja hadi kwenye benchi alikozoea kula peke yake mpwa wangu. Wakakaa pale muda mrefu, vichwa vimeinama juu ya karatasi moja, na chakula kikapoa.

Baraza la pili liliitishwa na Spika mwenyewe. Siku hiyo Mkuu wetu wa Idara alikuja kulitazama, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba la kwanza lilikuwa vurugu, na alikuwa akifikiria kuturudisha kwenye mihadhara. Alikaa karibu nami, akakunja mikono. Aliniuliza kwa kunong'ona kama hili ni darasa au soko. Nikamwambia nami bado sijajua.

Spika aliandika ubaoni ile jumla, kubwa, kwa chaki nyeupe, akaizungushia duara. Hakumtaja mtu. Akasema leo hakuna zawadi: kila mji utaje kwanza watu wake na shida zao, kisha mahitaji, na atakayetoa aseme anayemnyang'anya ni nani. Mheshimiwa alipofika kwenye hospitali ya Kichwani, sauti yake ilipungua. Katika karamu ile alikuwa amegawa maji ya wadi mbili nzima na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeulizwa. Alifungua kifungo cha koti.

"Nilidhani nawapa yangu," akasema. "Kumbe yalikuwa ya watu walionituma."

Dada, nimefundisha miaka mingi, nami sijapata kusikia uraia ukielezwa kwa maneno machache hivyo. Raia ni mtu aliyetumwa. Ana watu nyuma yake atakaowajibu, na mbele yake ana watu wengine ambao nao wametumwa. Mwenye kusahau walio nyuma yake huwa mkarimu wa vitu vya watu, na mwenye kusahau walio mbele yake huwa mwizi mwenye bendera. Huo ndio mhadhara wangu wote, na ulitoka mdomoni mwa kijana wa koti.

Lakini jambo lililoamua mambo ya mwanao lilikuja baadaye, na si lile unalolitegemea. Usidhani kwamba alishinda. Zamu ya Unyayoni ilipofika, alisimama, akasoma mahitaji ya mji wake vizuri kabisa: visima vya chumvi, mashamba, shule. Akaomba mafungu ishirini na sita. Spika, ambaye sasa alikuwa amekolea, akamwuliza kama alivyowauliza wengine wote: fungu kwa fungu, ni la nani? Mwanao akahesabu. Akafika kumi na tisa, akarudia, akafika kumi na tisa tena. Akakohoa. Masikio yake yakawa mekundu, yale masikio ya upande wa shemeji.

"Tuliongeza kidogo," akasema hatimaye. "Tuko mwisho wa mto. Tuliogopa."

Ukumbi ulilipuka. Nimesikia vicheko vingi katika maabara ile, lakini hicho kilikuwa cha aina nyingine. Mheshimiwa alipiga meza kwa kiganja, machozi yakimtoka.

"Jamani, Mtalii ni mwenzetu! Huyu tumwache tu, huyu ni wa hapa hapa!"

Na mwanao, ambaye kwa miezi yote hiyo alikuwa akijibu utani kwa asante, akamgeukia akamwambia kwamba afadhali yeye aliyeongeza mafungu saba ya kuogopa kuliko watu waliogawa thelathini na nne ya kujionyesha. Wakawapigia makofi wote wawili. Maneno "ya kujionyesha" yamekuwa msemo wa darasa tangu siku hiyo. Mtu akivaa shati jipya, anaambiwa ana thelathini na nne.

Nilikaa pale nyuma nikiwaza, hivi ndivyo mtu anavyopokelewa mahali. Alipokuwa na haki peke yake, walimheshimu kwa mbali na kumwacha ale peke yake. Walipomwona anaogopa kama wao, na kudanganya kidogo kama wao, na kukiri kama ambavyo wao wangetamani kuweza kukiri, wakasogeza viti.

Hawakumaliza kugawana siku hiyo. Walifika mafungu mia moja na manne, na yale manne bado yanabishaniwa. Mkuu wa Idara, ambaye alikuja kwa dakika chache, alibaki hadi mwisho, na tulipokuwa tukitoka aliniuliza kwa nini Gotini wasihamishe kile kiwanda cha ngozi. Nikajua darasa limepona. Muhula ujao tutaendelea, kwa sharti moja ambalo wanafunzi wenyewe wamelipendekeza: kila mjumbe atumwe na mji aliogombana nao. Mheshimiwa anahamia Unyayoni, na mwanao anakwenda kuwasemea Kichwani.

Jana alikuwa nje akifua viatu vyake vya raba, nami nikamwuliza moja kwa moja kuhusu tiketi, maana si haki kukujibia moyo wa mwanao. Aliendelea kusugua. Kisha akasema nikwambie usiitume. Akasema pia nisikudanganye kwamba amezoea: bado kuna siku anaitamani baridi, na chumba chake, na sauti yako ukirudi zamu ya usiku ukivua viatu mlangoni. Hayo nayaandika kama alivyoyasema, maana ni yako. Halafu akaongeza kwamba muhula ujao hawezi kukosekana. Kichwani kuna hospitali, na aliyekuwa mjumbe wao ameonyesha kwamba hajui kuhesabu.

Basi hilo ndilo jibu langu, dada. Usiitume tiketi. Na lile linalokuuma zaidi, lile ambalo hukuliandika lakini nililisoma katikati ya mistari, kwamba huenda umemlea mtoto asiye na kwao, liondoe moyoni. Umemlea mtoto ambaye akipewa kitu huuliza kimetoka kwa nani. Mtu wa namna hiyo akikaa mahali popote kwa muda wa kutosha, watu wa hapo humtuma, na mahali unapotumwa ndipo kwenu. Wewe mwenyewe, uliyeondoka na sanduku moja, sasa wazee wa wadi yako hawakubali sindano mpaka uje wewe. Ulifikiri huo ni ugeni?

Nimwombe sasa msomaji wa barua apumzike, maana nimekaribia mwisho. Mpe shemeji salamu zangu na za wifi yako, pamoja na agizo lile la mgongo. Binti yako mkubwa mwambie kwamba mjomba wake amefurahi kusikia kuhusu piano, na kitinda mimba mwambie kwamba Kasuku anamwuliza kama huko meno huota haraka zaidi. Mama anakusalimu kwa kirefu kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Kwa kifupi anasema ule, ujifunike vizuri, na umtumie picha mpya kwa kuwa sasa anaziona. Jirani yetu mpiga chapa, aliyekuwa nawe darasa moja, naye anasalimu, na anasisitiza kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza katika hesabu.

Mungu awafunike kwa rehema yake, awape riziki isiyo na fedheha na usingizi usio na hofu, na akujalie wewe goti la kukuleta tuonane.

Nilitaka mwanao aongeze mwenyewe mistari miwili hapa chini. Nimeacha nafasi. Ila asubuhi hii wamekuja Spika, Mheshimiwa na wengine wawili, wamekaa uani juu ya ndoo zilizopinduliwa, wanagombania yale mafungu manne. Nimemwita mara ya kwanza, akasema anakuja. Nimemwita mara ya pili, akasema, "Mjomba, dakika moja tu," huku amemnyooshea mtu kidole. Hiyo dakika imekwisha kitambo, na sauti yake naisikia kutoka hapa nilipo, ikizipita za wenzake. Nafasi ile itakufikia ikiwa tupu, dada yangu. Sitamwita mara ya tatu.

Ndimi mdogo wako, akupendaye na kukutii hata sasa katika uzee wake.